Kabla Hujaenda na Shiku Kuchagua Bastola

Nyambura mama,

Umeenda kuaga watu wa kwaya, na najua hutarudi upesi. Hao wakimshika mtu hawamwachilii mpaka sambusa ziishe. Masanduku yako yako hapa koridoni, nayaruka kila nikienda jikoni. Nimekaa mezani na kalamu ya kazini, naandika. Wewe unanijua, mimi ni mtu wa mdomo. Kuandika si kazi yangu, shule niliacha darasa la nne nikaenda kulea watoto wa shangazi. Lakini hili nikilisema kwa mdomo utanikatiza, utasema "Mum, tafadhali," halafu utaangalia simu yako, na mimi nitaona haya nianze kukuhadithia habari za watu. Heri niandike. Naandika Kiswahili kwa sababu Kiingereza changu ni cha kuogesha wazee na cha kuuliza basi. Ukikwama mahali, soma kwa sauti, utanisikia.

Mambo ya sweta, ya pasipoti, ya kula vizuri, sitayagusa. Wewe ni nesi, unajua kula kuliko mimi. Nataka kuongea juu ya ile bastola.

Usifikiri nilikuwa nasikiliza simu yako ile Jumapili. Haya, nilikuwa nasikiliza. Wewe ndiye uliweka simu spika, mimi nakaanga vitunguu. Niliposikia binamu yako anataja bunduki nikazima moto nisikie vizuri. Shiku na sauti yake hiyo ya kuita ng'ombe, hata angekuwa hana simu ningemsikia kutoka huko Houston unakohamia.

"Jumamosi ya kwanza tu nakupeleka dukani," akasema. "Nimeshakuchagulia. Ndogo, rangi ya pinki, inaingia kwa mkoba na mtu hajui."

"Mimi sijawahi kushika bunduki," ukamwambia.

"Kwani nani alizaliwa ameshika? Anti yuko hapo? Anti, usiogope, huku hata kanisani akina mama wanazo. Mkoba wa mke wa mchungaji ukiuinua unateguka bega!"

Mkacheka. Mimi pia nilicheka, unajua Shiku ananichekesha. Halafu nikawasha moto tena, na vitunguu vikaungua hapo hapo, ndiyo maana siku hiyo tulikula mchuzi mweusi.

Jioni nikakuuliza kama ni kweli. Hukunificha. Ukaniambia utakuwa unafanya shifti za usiku, maegesho ya hospitali ni makubwa kama uwanja wa mpira, utaishi peke yako, na huko mwizi mwenyewe ana bunduki. Hayo yote niliyaelewa. Sina neno la kuyapinga. Mimi mwenyewe nikitoka shifti Harborne natembea na funguo katikati ya vidole, na hapa Uingereza hata polisi wa kawaida hana bastola, raia akikutwa nayo ni jela moja kwa moja. Juzi juzi tumesikia milio huku Sparkbrook, jirani akasema ni fataki za harusi, nikamwambia harusi ya nani Jumanne? Kwa hivyo woga naujua. Sikuchekei.

Lakini ukaongeza neno moja. Ulilisema kwa Kiingereza, haraka haraka, ukiwa umenipa mgongo unaosha vikombe. Ulisema hutaki kusimama kama nilivyosimama mimi siku ile.

Nilinyamaza. Wewe ukafikiri sikuelewa. Mimi kunyamaza, si ungejua tu kuna kitu?

Basi acha nikuambie siku ile ilikuwaje. Ulikuwa mdogo, uliiona kutoka upande wako. Na ngoja nianzie dukani, kwa sababu mambo yenyewe yalianza kuharibika dukani, kabla hata hatujafika nyumbani.

Baba yako, Mungu amweke pema, alipata leseni baada ya duka letu la saruji na mabati kuvunjwa na wezi. Thika nzima ilikuwa inavunjwa wakati huo. Akavaa suti yake ya harusi akaenda Nairobi kununua bastola. Hadithi hii alinihadithia mwenyewe, akicheka mpaka machozi, kabla haijawa hadithi ya kulia. Muuzaji alimuuliza, "Mzee, ushawahi kutumia moja ya hizi?" Baba yako akajibu, "Zamani kidogo." Zamani gani? Huyo mtu hakuwa ameshika hata manati! Lakini kulikuwa na wanaume wengine dukani, matajiri wa kahawa, akaona aibu kusema hajui.

Muuzaji akamtolea mbili. Moja ya kawaida tu, moja kubwa, nyeusi, nzito. "Hii ya kawaida inakukaa mkononi," akamwambia.

"Nipe ile nyingine."

"Mzee, ile inataka mtu aliyezoea."

"Si nimekuambia nimezoea?"

Akainunua. Alichagua bastola vile watu wanachagua kochi la sebuleni, ile itakayosemwa na wageni. Hakufikiria mkono wake. Tena hakufikiria kwamba nyumbani kuna mtu wa pili, na huyo wa pili ndiye anashinda nyumbani na mtoto. Nilipoomba anifundishe akasema, "Wewe usiguse kabisa."

"Na wakija ukiwa dukani?"

"Piga nduru."

Hayo ndiyo yalikuwa masomo yangu yote, Nyambura. Piga nduru. Akaifunga kwenye leso yangu moja ya zambarau, akaiweka kabatini chini ya mablanketi. Hakuna sefu, hakuna kufuli. Yeye aliona kwa vile mimi nimekatazwa basi imefungiwa.

Sasa, kazini kwetu, kwenye nyumba ya wazee, kuna mzee mmoja, nitamwita Bwana Len, simtaji jina lake la kweli. Ndiye yule ninakuambiaga hataki kunyolewa na mtu mwingine ila mimi, kwa sababu namletea habari. Huyo alikuwa analenga shabaha na bastola miaka mingi, mchezo tu, na kikombe alishinda, kabla serikali ya hapa haijazipiga marufuku. Zake alizipeleka mwenyewe polisi. Wiki hii nikimnyoa nikamwambia, Bwana Len, mtoto wangu anaenda Texas na watu wanataka kumnunulia bastola ndogo ya pinki. Akanishika mkono na wembe juu juu. Povu bado usoni.

"Ndogo kiasi gani?"

"Ya kuingia kwa mkoba."

"Mwambie asiichukue hiyo. Watu wanampa mwanamke ndogo wakifikiri ni nyepesi kwake. Ile ndogo ndiyo inayopiga teke mkono ikifyatuka. Atapiga mara mbili, ataumia, ataogopa, hatarudi mazoezini tena. Halafu atakuwa anatembea na kitu asichokijua."

Nikashangaa. Mimi nilidhani kidogo ni kidogo. Kumbe uzito wa chuma ndio unameza lile teke. Akasema kwa mtu anayeanza, aanze na ya wastani, ya kushika mpini wote na vidole vyote, kidole kidogo kisibaki kinaning'inia hewani. Akaniuliza mkono wako ni kama wangu? Nikamwambia mrefu kidogo. Akaniwekea rimoti ya televisheni mkononi, akanionyesha vile kidole kinatakiwa kulala ubavuni, nje, kisiguse triga mpaka umeamua. Nikamwelekezea televisheni. Akanigombeza! "Umeangalia kama ina risasi?" Bwana Len, hii ni rimoti. "Kila inayoshikwa ina risasi mpaka umeangalia mwenyewe. Hata kama mwingine ameangalia mbele yako." Yule bibi wa kiti cha dirishani akauliza kama tunabadilisha stesheni.

Nikamuuliza pia juu ya ile ya kuzunguka, rivolva, kwa sababu nimesikia ni rahisi. Akasema ndiyo, rahisi kuielewa, hakuna ile chuma ya juu ya kuvuta nyuma ili risasi ipande, lakini triga yake ni ngumu, na mwenye kuanza akivuta kwa nguvu mkono unayumba risasi inaenda kwa jirani. Akasema hakuna anayeweza kukuchagulia, hata yeye. Kule Texas kuna viwanja vya kulenga, unalipa unakodisha, unajaribu hii, unajaribu ile, mwalimu amesimama hapo pembeni. Ukichoka unaenda nyumbani mikono mitupu. Siku nyingine unarudi. Akasema mtu anayenunua siku ile ile aliyoingia dukani mara ya kwanza ameichagua kwa macho. Mimi nikafikiria baba yako na suti yake ya harusi.

Haya, twende kwa chama. Hili unalijua, ukoo mzima unalijua, Shiku hulisema kwenye matanga. Mama yako na mdomo wake. Lakini wewe hukuwahi kulisikia kwangu.

Chama chetu cha akina mama kilikuwa cha kutembeleana. Zamu yako ikifika wanakuja kwako, wanakula, na baada ya chai unafungua nyumba. Ndivyo tulivyokuwa tunaita, kufungua nyumba. Unawaonyesha kitu kipya ulichopata tangu zamu iliyopita. Mama Kimani alituonyesha friji, akawa anafungua na kufunga mlango ili tuone taa inavyowaka, kufungua, kufunga, mpaka maziwa yakapata moto. Mwingine alituonyesha bafu la maji ya moto, tukapanga laini kila mtu anatia mkono. Ilikuwa furaha tu, si kujivuna. Haya, ilikuwa kujivuna pia.

Zamu yangu ikafika na mimi sina kitu. Pesa yote ilienda kwa duka na kwa hiyo bastola. Nimewapikia pilau, wamekula, wamekunywa chai, sasa wananitazama. Mama Kimani akasema, "Haya mwenye nyumba, au mwaka huu tunaonyeshwa pazia lile lile?" Wakacheka. Mimi nikasema ngojeni. Nikaenda kabatini.

Niliporudi na ile leso, nikaifungua mapajani, wakapiga kelele wote. Halafu kila mmoja akataka kushika. Ikapita mkono kwa mkono kama mtoto mchanga, huyu anatoa, huyu anapokea, jamani ni nzito, ona inavyong'aa. Mama Kimani akailenga taa ya dari akasema "Pa!" Tukacheka mpaka tukalala kwenye makochi. Na risasi zilikuwemo ndani ya mpini. Hakuna aliyejua kuangalia. Hata mimi sikujua pa kuangalia.

Wakaenda nyumbani. Hakuna aliyesema kwa ubaya. Kila mmoja alimwambia mume wake tu. Na mume akamwambia rafiki yake tu.

Walikuja mchana, saa ambazo watoto mnatoka shule. Wanaume wawili, ovaroli safi, mmoja na spana. Wakasema wametumwa kusoma mita ya maji. Mimi nikawaambia karibuni, hata chai nikawatajia. Mmoja akabaki na yaya wako sebuleni. Mwingine, kijana mpole wa sura, akanikaribia akaniambia kwa adabu kabisa:

"Mama, tuletee ile kitu ya mzee."

"Kitu gani?"

"Mama, tusichoshane. Ile ya kwenye leso. Ile mlikuwa mnapitisha hapa kama mtoto mchanga."

 Hawakutaka redio, hawakuuliza pesa. Walikuja kuchukua kile kile tulichonunua ili wasije.

Akanifuata mpaka chumbani. Nikainama kabatini, nimempa mgongo. Mkono wangu ukaigusa. Na hapa, Nyambura, ndipo hujui. Nikawaza: sasa. Nikaitoa kwenye leso, nikageuka nayo nimeishika mikono miwili.

Baba yako nilikuwa nimemwona akivuta ile chuma ya juu kwenda nyuma. Nikavuta. Haikusogea. Nikavuta tena, jasho limejaa mikononi, inateleza. Ilichaguliwa na mwanaume wa kubeba mifuko ya saruji, mimi ningeiwezaje? Yule kijana amesimama tu ananitazama, hata hatua moja hakurudi. Basi nikamwelekezea hivyo hivyo, kifuani, nikavuta triga.

Nilivuta, mama. Wewe miaka yote hii unafikiri nilisimama kama kisiki. Nilivuta kwa nguvu zangu zote. Haikulia. Hata tik haikusema. Risasi zilikuwa bado ziko kwenye mpini, hakuna iliyopanda juu, na kuipandisha ndiyo ile kazi iliyonishinda.

Kijana akanyoosha mkono akaichukua polepole, vile unavyomnyang'anya mtoto kisu. "Asante, mama," akasema. Akageuka aende.

Na alipogeuka nikakuona. Ulikuwa mlangoni, nyuma yake kabisa. Sare ya shule, soksi moja umeivua umeishika mkononi. Kichwa chako kilikuwa usawa wa kiuno chake, na pale nilipokuwa nimeelekeza, na mikono yangu isiyojua kulenga, sijui ingeenda wapi. Najua tu ingeenda upande wako.

Sikuwa nimekuona. Nilimwona yeye peke yake. Mtu akiogopa hivyo, dunia yote inakuwa kitu kimoja, na huoni kilicho nyuma yake.

Wewe uliona mikono ya mama yako imenyooshwa mbele. Mwili wa yule kijana ulikufichia kilichokuwa mikononi. Ndiyo maana ukasema nilisimama tu. Sikukusahihisha, kwanza kwa sababu ulikuwa mtoto, halafu kwa sababu ningekuambiaje? Ningekuambia nini, kwamba nilijaribu na Mungu akaishika ile chuma isisogee? Mimi ninayesema kila kitu cha kila mtu, hilo nililinyamazia hata kwa baba yako. Alikufa bila kujua.

Na yeye alikufa nalo lake. Polisi walimnyang'anya leseni, walimweka ndani siku kadhaa wakiuliza kwa nini haikufungiwa. Hiyo haikumuumiza sana. Kilichomuumiza ni baadaye. Kila tukisikia mtu amepigwa risasi, Thika, Ruiru, hata Nairobi, anaacha kula. Anasukuma sahani. "Labda ni yangu," anasema. Namwambia bunduki ziko nyingi, baba Nyambura. Anasema, "Ndiyo, na moja ni yangu." Haikupatikana. Hata saa hii sijui iko wapi, na nani ameishika, na imefanya nini. Watu walisema ni presha iliyomuua, na ni kweli, lakini mimi nililala naye kitanda kimoja, nilijua presha ilikuwa inatoka wapi.

Nimepumzika kidogo, nimekunywa maji. Usiogope ukiona wino umelowa, ni maji.

Sasa nisikilize. Sikukatazi. Ningekukataza, ningekuwa nakudanganya, kwa sababu kuna siku nafikiria yale maegesho yako ya usiku na mimi mwenyewe nataka uwe nayo. Naenda huku, narudi huku. Wewe ndiye utakuwa pale, si mimi, si Shiku. Lakini Jumamosi ya kwanza usiende dukani. Wiki ya kwanza utakuwa na usingizi wa ndege, kila kelele itakuwa ngeni, kila mtu utamwona mwizi. Woga ule usiupe nafasi ya kuchagua. Mwambie Shiku akupeleke kwa mwalimu badala ya duka, na akicheka mwache acheke, kucheka ni kazi yake. Na sheria usimwulize Shiku. Anasema ukiwa na ile kadi ya kukaa unaruhusiwa, labda ni kweli, lakini Shiku pia aliniambia Houston haina mbu. Uliza mwenyewe, wenye kujua, na uliza na hospitali yako, kwa sababu wengi hawataki iingie kazini hata ikiwa ndani ya gari.

Ukifika kwa mwalimu, sema hujui. Useme kwa sauti, hata kama kuna wanaume kumi wamesimama nyuma yako. "Sijui, nifundishe kutoka mwanzo." Neno hilo lilimshinda baba yako. Jifunze kwanza kuitoa risasi kabla hujajifunza kuipiga. Vuta ile chuma ya juu wewe mwenyewe, vuta mpaka mkono uzoee, vuta ukiwa umetoka shifti umechoka, na ikikushinda hiyo si yako, hata iwe nzuri namna gani, hata iwe zawadi. Ya pinki mrudishie Shiku.

Na usiweke kwa mkoba. Mkoba unauacha kwenye kiti kanisani, mtoto wa mtu anatafuta peremende. Nimewaona watoto wa kanisani kwetu na mkoba wangu, wanaupekua kama kuku. Ikiwa nyumbani, iwe ndani ya kitu cha chuma chenye kufungwa, na wewe peke yako ndiye unajua kukifungua. Ukiona kununua hicho kitu cha chuma ni usumbufu, basi na hiyo bastola ni usumbufu, iache.

Lakini zaidi ya hayo yote ni lile la mlangoni. Mwalimu atakufundisha kumwangalia yule mtu aliye mbele yako. Mwulize akufundishe kuangalia nyuma yake. Mwulize mara nyingi mpaka akuchoke. Wewe ni nesi, umeshaona risasi inachofanya ikifika, najua uliona pale hospitali yetu hukutaka kunihadithia. Mimi nakuambia juu ya kabla haijatoka. Kama hujui nani amesimama nyuma, na una njia ya mlango, kimbia, mama. Toa mkoba, toa gari, toa simu, kimbia. Kukimbia si aibu. Na kusimama pia, hata ningekuwa nilisimama tu kweli siku ile, haingekuwa aibu.

Halafu ukishajifunza, mwezi umepita, miwili imepita, ukaona bado unaitaka, inunue. Itakuwa umeichagua na akili yako. Ukaona huitaki, wewe si mwoga, mwambie Shiku mama amesema.

Ila ukiinunua, usimwambie mtu. Si mwenzako wa kazini, si kijana utakayempenda mwezi wa kwanza, si wa kanisani. Usiionyeshe. Hata siku moja nyumba isifunguliwe juu ya kitu hicho.

Na mimi pia usiniambie.

Nitakuuliza, Nyambura. Najijua. Nitapiga simu Jumapili, nitaanza na hali ya hewa, nitazunguka kwa Shiku, nitakuuliza kama umenunua kabati, halafu ndani ya kabati kuna nini. Nitakuuliza nikilia, nitasema mimi ni mama yako nina haki ya kujua, nitanuna, nitakukatia simu, halafu nitapiga tena baada ya dakika moja. Usinijibu. Nidanganye juu ya mambo ya chakula, uniambie habari za watu wa kwaya ya huko nani ameoa nani. Nitakukasirikia kidogo. Halafu nikishaweka simu chini nitajua mtoto wangu anajua kufunga kitu kikafungika, na hapo ndipo nitapata usingizi.

Nimesikia gari la watu wa kwaya linasimama nje, na wewe unacheka. Naikunja barua hii sasa, naitia kwenye mfuko wa ndani wa koti lako.

Mama yako anayekupenda, na mdomo wake wote.